Mashini ya Chama Isiwake Moto Wala Kupiga Kelele

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama hapa Kamina. Msemaji ni mtumishi wa tereni wa shirika moja linalotumika pamoja nasi. Tumeyaacha karibu na vile yalivyosemwa.



Mliniomba niseme juu ya kompyuta mnayotaka kuweka mu ofisi. Mliotoka Zambia mnasema kompyuta, waliosomea hapa wanasema ordinatere, lakini kitu ni kimoja. Mimi leo nitasema kompyuta, na mara ingine nitasema mashini, vile tunazoea.

Kwanza tukumbushane feza inatoka wapi. Inatoka kwenye kasha la kusaidiana, lile lile linalonunua sanduku mtu akifa, linalolipa dawa mtoto akigonjwa. Kama mashini inakufa kisha miezi sita, feza ya kilio na ya hospitali njo imekufa. Na kazi mnayotaka kuipa ni kubwa: kutunza orodha ya wanachama, kuandika barua, kupiga nakala za karatasi zenu. Kuna karatasi za kurudi kwa hiari, vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa Meheba, Kala ao Mwange, na diploma zilizoandikwa kwa Kiingereza ambazo hapa masomo inaziuliza kila mwaka. Mchwa na mvua zinakula karatasi hizo kila msimu. Kwa hiyo mashini hii ni lazima iishi.

Vijana wa kamati waliniuliza: «Tuweke vantilateri ngapi ili isipate moto?» Nikawajibu kwa ulizo lingine: mashini yenyewe itakula wati ngapi? Maneno yangu yote ya leo yako pale. Ubaridi na ukimya hatuvinunui mwishoni. Vinaanza siku ya kuchagua mashini inayokula umeme kidogo.

Moto unatoka wapi

Wamama wanajua mbabula. Ukitia makala mengi, moto mwingi. Ukitia kidogo, moto kidogo. Kompyuta ni vile vile, ila makala yake ni umeme. Mashini ya kusaga inakula umeme na inakutolea unga. Kompyuta inakutolea barua, na barua haina uzito. Umeme wote ulioingia mu kasha unageuka joto, karibu wote, hakuna pengine unapoenda. Wati 60 zikiingia, wati 60 za joto zinapaswa kutoka.

Sasa tupime mashini mbili. Ya kwanza ni ile kubwa ya michezo, mitumba, yenye kadi ya picha ya pekee, vijana wanaipenda. Ikiandika barua tu inaweza kukula wati 80 ao 100. Ikitumika kwa nguvu inafika 300 na kupita. Ya pili ni mashini ndogo ya ofisi, prosesa ya wati 35, bila kadi ya picha. Ikiandika barua inakula wati 20 hadi 30. Ikitumika kwa nguvu, 50 ao 60. Kila moja uongeze wati 20 hivi za kioo. Na barua itakayotoka ni ile ile moja.

Ili joto litoke, hewa inapaswa kupita mu kasha. Tukikubali hewa ipate joto la digri 10 tu zaidi ya ile ya chumba, wati 60 zinaomba lita karibu 6 za hewa kila sekunde. Muone bidon moja ya lita 5 na kikombe juu yake: hewa kiasi hicho ipite kila sekunde. Vantilateri moja kubwa inafanya ile kazi bila kukimbia. Wati 300 zinaomba lita 28, ni kusema bidon 5 na zaidi kila sekunde. Pale unahitaji vantilateri nyingi zinazokimbia, na zikikimbia zinapiga kelele, tena zinavuta vumbi mara 5. Mnaona? Moto, kelele na vumbi ni watoto wa mama mmoja. Sisi hapa tuko juu ya mita 1,000 kutoka bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo, na hesabu hii nimeifanya kwa hewa ya hapa.

Juu ya nini tujenge, tusinunue tu

Kuna waliosema: tununue kompyuta ya kubeba, ya mapajani, tumalize. Si mawazo mabaya. Inakula kidogo, iko na batri yake. Kwa mtu anayetembea vijijini, ni hiyo. Lakini kwa ofisi iko na shida tatu. Inabebwa haraka na mwizi. Njia yake ya hewa ni nyembamba sana, vumbi letu inaijaza upesi. Na kitu kidogo kikivunjika ndani, pa kuingizia waya ao vantilateri yake, unatafuta kile cha aina ile ile tu, na hapa hukipati.

Mashini ya kasha iliyojengwa kipande kwa kipande iko kama nyumba ya matofali. Tofali moja likivunjika, unabadilisha tofali. Vantilateri ya milimita 120 ni ile ile ya makasha karibu yote. Memori ikiharibika, unatoa memori. Kijana wa hapa anaweza kujifunza kufanya ile kazi, na kesho anaifanyia mitaa mingine kwa malipo.

Vipande vya kununua

Prosesa. Hii njo tumbo linalokula. Za Intel zenye herufi T mwishoni mwa namba zimetengenezwa kwa wati 35. Za AMD zenye GE mwishoni ni vile vile. Kama hamzipati, ya wati 65 inaweza kufanya, juu kazi ya ofisi haiifikishi pale mara nyingi. Mjihadhari na Intel yenye herufi F: ile haina picha ndani yake, itawalazimisha kununua kadi ya picha, na mbabula imerudi mu nyumba.

Memori. Giga 8 inatosha kwa barua, orodha na kupiga nakala.

Diski. Mchukue SSD. Diski ya zamani iko na sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 ao 7,200 kila dakika. Inalia, inatetemeka, inapata moto, na umeme ukikatika kwa ghafla inaweza kuumia. SSD haina kitu kinachozunguka. Ile ya zamani muiweke mu kabati ya kufuli, iwe nakala ya pili ya karatasi zenu, mnaifunga siku moja kwa juma na kuitoa.

Alimantasio. Hapa watu wanapenda kupunguza bei, na ndipo mashini nyingi zinakufia. Ni yeye anayepokea umeme wa ukuta na kuugawa. Mutafute yenye alama ya 80 PLUS: maana yake, ikibeba mzigo, angalau sehemu 80 kwa 100 za umeme zinafika kwenye kazi, na sehemu 20 ao chini zinapotea kuwa joto. Tena hapana kudanganywa na namba kubwa. Alimantasio ya wati 700 kwa mashini inayokula 30 ni kama kuwasha kamio ya tani 10 kwa kubeba mfuko mmoja wa chumvi. Ya wati 300 inatosha kabisa.

Radiateri. Ni kile chuma chenye majani mengi kinachokaa juu ya prosesa. Kizuri kiko na mirija ya shaba. Shaba inapitisha joto vizuri kupita aluminiamu, tena kupita mara moja na nusu. Ndani ya mirija ile mna maji kidogo sana: yanachemka upande wa moto, mvuke unakimbia upande wa baridi, unageuka maji, unarudi. Jimbo letu la zamani liliitwa Shaba toka 1971 hadi 1997, basi tusiogope kulipa kidogo zaidi kwa shaba.

Kasha. Lisiwe zuri kwa macho tu. Makasha yenye kioo mbele na taa za rangi yanafunga mlango wa hewa. Mtafute lenye uso wa matundu, lenye nafasi ya vantilateri ya milimita 120 ao 140 mbele na nyuma.

Njia ya hewa

Hewa ya baridi iingie mbele chini, ya moto itoke nyuma juu. Joto linapenda kupanda, msilipinge. Waya zote zifungwe upande, zisikae katikati kama kichaka.

Vantilateri kubwa ipite polepole, ni bora kuliko ndogo inayokimbia. Ukipunguza mwendo wake kwa nusu, kelele inashuka karibu desibeli 15. Sikio linasikia tofauti hiyo wazi. Mchukue zenye waya 4, juu ubao mama unaweza kuzipunguza mwendo wakati mashini haichoki. Mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika inatosha mashini yetu.

Sasa vumbi. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 hamna mvua, na vumbi nyekundu inaingia hata mu sanduku la nguo. Dawa ni hii: vantilateri 2 za kuingiza hewa mbele, 1 ya kutoa nyuma. Hewa inayoingia ikipita inayotoka, ndani ya kasha kunakuwa na msukumo kidogo, na vumbi halipati njia mu nyufa. Linapaswa kupita mbele tu. Pale mbele mnatega chujio. Soksi ndefu ya nailoni ya wamama, iliyonyooshwa na kubandikwa, inafanya kazi nzuri. Chandarua chenye dawa hapana kukata! Kile ni cha watoto kulalia. Na matundu ya nyuma yasiyotumika muyafunge, mjusi na mende wanapenda sana joto la alimantasio.

Ukimya si anasa

Pengine mtu atasema: «Kelele njo nini? Sisi tulilala karibu na treni.» Lakini mkumbuke ofisi yenu iko na vyumba viwili na ukuta usiofika kwenye mabati. Chumba cha pili ndicho wamama wanakuja kusema mambo yao: shamba lililochukuliwa na ndugu wa bwana marehemu, mtoto asiye na cheti, na mengine mazito kupita hayo. Mashini ikilia mu chumba cha kwanza, mama analazimika kupaza sauti, na mtu anayengoja inje anasikia yote. Ama mama ananyamaza, anarudi nyumbani na shida yake. Miaka ninayofanya kazi ya kusikiliza watu imenionyesha kwamba mtu anasema siri kwa sauti ndogo tu. Kwa hiyo kelele ya mashini iko ndani ya kazi ya chama.

Mkisha kuchagua mashini inayokula kidogo, SSD, na vantilateri kubwa za polepole, kelele karibu yote imekwisha. Inabaki kutetemeka. Mkate vipande vidogo vya mpira wa ndani wa kinga ya zamani, mviweke kati ya vantilateri na kasha, na vingine chini ya miguu ya kasha. Meza ya mbao ngumu isiyoyumba. Basi.

Umeme wetu

Umeme wa hapa unaenda, unarudi, na ukirudi unaweza kurudi na nguvu isiyo yake. Mashini isifungwe ukutani moja kwa moja. Iwe na onduleri yenye kurekebisha volti, inayowapa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Umeme ukikatika, chomoeni. Ukirudi, ngojeni dakika chache kabla ya kufunga tena.

Na hapa kukula kidogo kunalipa mara ya pili. Mashini ndogo pamoja na kioo ni wati 50 hivi; saa 8 za kazi ni watisaa 400. Ile kubwa, ikiandika barua tu, na kioo chake, ni 120. Saa 8 ni 960. Pano moja ya jua ya wati 100, siku ya jua zuri, ukitoa kinachopotea njiani, inaleta watisaa 350 ao 400. Pano 2 zinabeba mashini ndogo, hata siku ya mawingu kidogo. Kwa ile kubwa mnataka pano 3 ao 4, na batri za kufuatana nazo. Batri ya volti 12, saa 100, ya risasi, hapana kuimaliza. Tumieni nusu, ni kusema watisaa 600. Mashini ndogo inalala ndani yake vizuri. Bila jua mtawasha grupu, na grupu inaomba esansi kila siku na inalia kupita vantilateri zote.

Kusafirisha na kujenga

Vipande vingi mtavinunua Lubumbashi. Msikubali fundi wa kule awajengee yote, kisha mashini nzima ipande kamio ao treni. Radiateri nzito ikitikiswa njiani siku nzima inaweza kupasua ubao mama. Vije mu makartoni yake, vijengwe hapa, mbele ya vijana.

Siku ya kujenga, mchague chumba kilichofagiwa jana na kumwagiwa maji kidogo. Kabla ya kushika kipande, gusa chuma cha kasha kwanza: wakati wa ukavu mwili unabeba umeme mdogo usiouona, nao unatosha kuua memori. Prosesa inakaa yenyewe mu nafasi yake. Ikikataa, usisukume, angalia alama ya pembe. Juu yake mnatia pati ya joto kiasi cha punje ya njegere, hapana zaidi. Kazi yake ni kujaza tu nyufa ndogo kati ya vyuma viwili. Radiateri inakazwa kwa msalaba: skrubu hii kidogo, ya ngambo kidogo, mpaka zote zikaze sawa.

Kutunza

Mashini iko juu ya meza, hapana chini. Iachane na ukuta sentimita 15. Jua la dirisha lisiifikie. Watu wengi wanaifunika na kikwembe ili isipate vumbi. Ni vizuri usiku, ikiisha kuzimwa na kupoa. Ikiwa inatumika, kikwembe ni blanketi kwa mgonjwa wa homa.

Niliona mashini moja hapa mjini, sitataja ofisi. Ilitoka kwa wafadhili, kubwa, ya nguvu, taa za rangi. Ilikufa kabla ya mvua ya kwanza. Tulipoifungua, radiateri ilikuwa na vumbi lililoshikana kama kitambaa cha sufu. Unaweza kulivua na vidole kama soksi. Hakuna aliyeifungua hata siku moja, juu hakuna aliyeambiwa kwamba ni kazi yake.

Kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ile kwa jina, na daftari. Wakati wa ukavu: soksi ya mbele ifuliwe kila juma, kasha lifunguliwe kila mwezi. Wakati wa mvua: kila miezi mitatu. Unachomoa waya, unashika vantilateri na kidole isizunguke, unapangusa na brosi laini kavu. Hapana kupuliza na mdomo, mate ni maji.

Mu daftari aandike pia joto la prosesa. Iko programu za bure za kulionyesha. Kwa kazi ya kawaida, digri 40 hadi 60 ni nzuri; 75 wakati wa kazi ngumu tunavumilia. Ikipita 90, simameni mtafute: soksi imejaa, vantilateri imekufa, ao pati imekauka. Prosesa karibu na digri 100 inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Watu wanasema «mashini imezeeka, inaenda polepole», kumbe iko na homa tu. Na daftari itawaonyesha mambo mapema: mwezi wa 5 ilikuwa 52, wa 7 ikawa 61, wa 8 ikawa 70. Hamngoji ifike 90.

Maulizo ya kukata leo

Ninawaachia mambo matatu ya kukubali ao kukataa. La kwanza: mashini isipite wati 60 ikitumika kwa nguvu, kioo mbali. La pili: kwa kila dola 10 mtakazotoa, 3 ziende kwenye alimantasio nzuri, onduleri na vantilateri, hata kama prosesa itakuwa ndogo kuliko vile vijana wanatamani. La tatu: kabla ya kununua, mchague mwenye kushika daftari, na msaidizi wake, mmoja wao awe mama ao binti wa chama.

Vijana, ninajua mtasikia uchungu juu ya kadi ya picha. Lakini mkiisha kujenga hii na mikono yenu, mtajua kujenga ingine yoyote, na ya michezo mtaijenga na feza yenu wenyewe.

 Sasa maneno ni yenu. Mwenye ulizo ainue mkono, na wamama waanze.